Mifupa ya Chura

Mwaka 1991 chura wa karatasi alikwenda ukweni. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, Mkongo mzaliwa wa Lubefu katika nchi ya Batetela, alimkata kwa mkasi, akamlaza chini ya kamera, akamsogeza mguu, akampiga picha, akamsogeza tena. Filamu fupi iliyopatikana, Le Crapaud chez ses beaux-parents, ni ngano ya Kitetela iliyotiwa mwendo, na studio iliyoitoa, Malembe Maa, Kibushi alikuwa ameianzisha Kinshasa mwaka 1988. Malembe kwa Kilingala ni polepole. Studio chache za katuni zimejiita kwa ukweli kiasi hicho. Ngano yenyewe haina ugeni Maniema, jimbo la mashariki ya Kongo. Wakusu wa Kibombo na Batetela wa Sankuru ni ndugu wa lugha, na bibi wa Tunda angemtambua chura huyo kabla hajafungua mdomo. Sura hii ina swali moja: kijana wa Tunda akitaka leo kumtembeza chura huyo ndani ya kompyuta, ashike programu gani?

Majibu ya kawaida hukosea mahali pamoja. Hupanga programu kwa uwezo: hii inatoa nywele zinazopepea, ile inatoa ngozi inayong'aa kwa jasho, nyingine inamfanya mhusika aige uso wako ukiwa umekaa mbele ya kamera. Tunda, kituo cha zamani cha misheni ya Wamethodisti na zoni ya afya ndani ya Maniema, ni mahali pazuri pa kuzipimia programu hizi kwa sababu pako mbali na kila kitu ambacho watengenezaji wake wanadhani kipo: waya wa umeme usiokatika, mtandao usiohesabiwa kwa megabaiti, kadi ya benki inayokubalika ng'ambo. Hoja yangu ni kwamba uwezo unapimwa mwishoni. Kinachopimwa kwanza ni ufunguo. Siku programu itakapofungwa, nani ataifunga: kampuni, benki, mnara wa simu, au wingu lililofunika paneli? Ukishajibu hilo, orodha ndefu inakuwa fupi, na kwa namna isiyotarajiwa kazi inayotoka humo inamfaa chura kuliko ile iliyotoka kwenye orodha ndefu.

Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huiogopa kompyuta kabla ya kujua inafanya nini hasa. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Wachora katuni wamezoea kuushikilia kila mchoro kwa picha mbili, kwa hiyo sekunde moja inataka michoro 12 na dakika moja michoro 720. Hakuna kijana mmoja atakayechora 720 na kubaki na hamu ya dakika ya pili. Ndiyo maana watu walikata karatasi tangu zamani: chura akishakatwa hachorwi tena, anasogezwa tu. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa filamu ndefu nzima kwa vivuli vya karatasi vilivyofungwa viungo, The Adventures of Prince Achmed, mwaka 1926. Programu za leo zimechukua mkasi na viungo hivyohivyo. Unamchora chura mara moja, vipande vipande, kila kipande kwenye tabaka lake: kichwa, kiwiliwili, paja, muundi, kitanga cha mguu. Juu ya vipande unapachika mifupa ya kubuni. Mfupa wa paja ni mzazi wa mfupa wa muundi, na muundi ni mzazi wa kitanga. Ukivuta paja, vilivyo chini yake vinafuata kama mabehewa ya treni ya Kindu yanavyofuata kichwa, ila hapa hakuna kuchelewa.

Kisha unachagua nyakati. Kwenye picha ya kwanza chura amechutama. Kwenye ya nane yuko hewani. Kwenye ya kumi na nne ametua. Hizo huitwa fremu kuu, na programu inajaza zilizo katikati. Mgeni wa kazi hii huona muujiza, akarudia kuitazama filamu yake, halafu akagundua kuwa kuna kitu kinakera. Programu imejaza nafasi kwa mwendo ulio sawa mwanzo hadi mwisho, kama mshale wa saa, na hakuna chura anayeruka kama mshale wa saa. Chura wa kweli hujikunja polepole, hufyatuka ghafla, hukawia kidogo kileleni, kisha huanguka kwa kasi inayoongezeka. Hayo yote hayamo kwenye mifupa. Yamo kwenye mstari mmoja uliopinda ambao programu hukuonyesha pembeni, mstari wa muda dhidi ya mahali, nawe unauvuta kwa kidole mpaka mruko uwe na uzito. Nusu ya ufundi wa kuhuisha wahusika ni kuuvuta mstari huo. Synfig inao, OpenToonz inao, Moho inao, Toon Boom Harmony inao, Blender inao. Kwa kazi ya chura mmoja kwenda ukweni, tofauti kati ya programu hizi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayeujua mstari na asiyeujua.

Tofauti kubwa iko kwenye masharti. Baadhi ya programu hizi hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka, na zile za Adobe zimekuwa za kukodi tangu kampuni hiyo ilipoacha kuuza matoleo mapya ya kudumu mwaka 2013. Mkodishaji anataka kadi ya benki, naye mtu wa Maniema hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Programu ya kukodi pia hupiga hodi kwa mwenye nyumba kila baada ya muda ili kuhakikisha kodi imelipwa, na hodi hiyo hupigwa kwa mtandao. Moho huuzwa kwa leseni, nayo si jina dogo: ilitumika kwenye Song of the Sea ya Waairishi mwaka 2014. Synfig, OpenToonz, Krita na Blender ni programu huria. Hazilipiwi, lakini nadhani sifa hiyo inatajwa mno na kuficha iliyo kubwa zaidi: haziombi ruhusa. Faili ya kusakinisha Blender ina kama megabaiti 300 hadi 400. Mtu mmoja akiipakua Kindu mara moja, akaitia kwenye flashi, inafika Tunda mfukoni mwa abiria wa pikipiki na kuingia kwenye kompyuta kumi bila yeyote kuulizwa jina.

Atakayesema kwamba naogopa kivuli na atazame historia. Softimage ilizaliwa Montreal miaka ya 1980, na ndiyo iliyowatembeza madinosari wa Jurassic Park mwaka 1993. Iliuzwa kwa Microsoft, ikauzwa kwa Avid, ikauzwa kwa Autodesk, na mwaka 2014 Autodesk ikatangaza kwamba toleo linalofuata ndilo la mwisho. Programu haikuwa imeshindwa kazi. Mwenye ufunguo alikuwa na nyingine mbili za aina hiyo, hakuhitaji ya tatu, na waliojenga maisha yao juu yake wakaambiwa wahame. Mwaka 2019 Adobe iliwatangazia watumiaji wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zingefungwa kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani. Wiki chache baadaye ilipata kibali na kuuacha mpango huo, lakini kwa wiki hizo wachoraji wa nchi nzima walijua kazi yao imewekwa kwenye nyumba ya nani. Sasa linganisha na Blender. Ton Roosendaal aliianza Uholanzi mwaka 1994, na mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiiendesha ilifilisika. Wawekezaji walikubali kuuachia msimbo wake kwa euro 100,000. Watumiaji wakachangishana, fedha zikatimia kwa wiki saba, na Oktoba mwaka huohuo programu ikatoka kwa leseni huria. Hata taasisi inayoiendesha Blender ikifungwa kesho, nakala iliyo kwenye flashi ya Tunda haitajua.

Mwenye ufunguo mwingine ni umeme, na huyu habembelezwi kwa leseni. Chukua paneli ya wati 100. Kwa saa tano za jua kali inatoa wati-saa 500 kwa hesabu ya darasani. Toa vumbi, joto, betri na kigeuzi, unabaki labda na 350. Kompyuta ndogo ya mkononi inayokula wati 45 ukichora itakupa karibu saa nane za kazi, na hiyo ni siku njema. Tatizo linakuja pale kompyuta inapoachiwa izipake picha za mwisho rangi, kivuli na mwanga. Kama kila picha inachukua nusu dakika, dakika moja ya filamu yenye picha 720 itachukua saa sita, na kompyuta inayofanya kazi kwa nguvu hula wati 65 na zaidi. Hapo ni karibu wati-saa 390: dakika moja ya filamu imemeza jua la siku nzima, na bado taa ya nyumbani inasubiri. Mchore chura huyohuyo kwa rangi bapa, bila mwanga wa kujidai, kila picha itoke kwa sekunde mbili, na kazi yote inakwisha kwa dakika 24, kwa wati-saa 26. Kwa hiyo mtindo wa karatasi iliyokatwa, unaoonekana kama umaskini ukiuweka kando ya filamu za Marekani, Tunda una hesabu yake, na hesabu hiyo inaleta ufundi wa aina yake. Kompyuta nayo isiwe kisingizio. Matoleo mapya ya Blender yanakataa kadi za picha za zamani, lakini matoleo yote ya nyuma yamehifadhiwa kwenye tovuti yake, na lile la 2.79 la mwaka 2017 hukubali mashine ambazo jipya haliziangalii mara mbili.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la ajira. Studio kubwa hutumia programu kama Maya na Harmony, watu wataniambia; unamfundisha kijana programu ambayo hakuna atakayemlipa kwayo. Sehemu ya pingamizi hilo ni kweli, nami siikwepi. Mwaka 2023 Disney+ ilionyesha Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Waafrika, kazi ya Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya ikiwemo, na mradi wa aina hiyo huendeshwa na studio yenye mikataba, makataa na programu zilizokubaliwa. Anayeomba kazi humo atatakiwa ajue zana za humo. Lakini tazama kinachohama na kisichohama. Mahali pa vitufe hapahami, napo hujifunzwa kwa wiki kadhaa. Mstari wa mruko unahama mzima mzima, pamoja na macho ya kuona kwamba uzito wa mhusika umelala mguu wa kushoto. Tena ukuta wenyewe umeanza kutoboka. Machi 2025 tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilikwenda kwa Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, na picha zake za mwisho zilitoka kwenye kompyuta ya mwongozaji mwenyewe. Asidanganywe mtu: filamu hiyo iligharimu karibu euro milioni tatu na nusu na ilikuwa na mafundi wa nchi tatu. Haithibitishi kwamba umaskini si kitu. Inathibitisha jambo dogo zaidi, nalo linatosha hapa, kwamba programu huria haikuwa kikwazo.

La pili ni la simu, na nitalipita haraka. Vijana wanayo simu, hawana kompyuta, na FlipaClip huingia kwenye simu ya kawaida ya Android na kumfundisha mtu kuchora picha baada ya picha chini ya saa moja. Na waanze nayo. Simu hula umeme kidogo kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa katika sura hii. Ila siku chura atakapohitaji mifupa, kidole kitakuwa kinene na kioo kitakuwa kidogo, na hapo kompyuta moja ya shule au ya kituo cha vijana inafanya kazi ya simu ishirini.

La tatu lina utamu wake. Kwa nini kumtembeza mhusika kwa mkono wakati mwendo unapatikana bure? Mixamo, huduma iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2015, inachukua umbo la mtu ulilolichonga, inakuomba uonyeshe kidevu, viwiko, vifundo vya mikono na magoti, inamtia mifupa yenyewe, kisha inakufungulia ghala la miendo: kutembea, kukimbia, kucheza dansi, kupigana ngumi. Kazi ya siku mbili inakwisha kwa dakika mbili. Ni kweli huwezi kuitumia bila mtandao, lakini mtu anaweza kukaa Kindu siku moja akapakua miendo hamsini na kurudi nayo. Mimi nasema aipakue. Halafu aiweke kando, akae mlangoni na kuwatazama watu wanaopita.

Kwa sababu miendo hiyo ilinaswa kwenye miili ya waigizaji walioingia chumbani mikono mitupu. Mikono yao hubembea, mabega huzunguka, kichwa hupanda na kushuka kila hatua. Sasa mtazame mama anayetoka mtoni na bidoni ya lita 20, au anayerudi shambani na kikapu mgongoni kilichoshikiliwa kwa mkanda wa paji la uso. Mikono imebanwa. Shingo imekuwa nguzo. Uzito wote unafanya kazi kiunoni na magotini, na kichwa kinakwenda mbele kana kwamba kinateleza juu ya waya. Hilo si pambo la mtazamaji, limepimwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Maloiy, Heglund na wenzao juu ya wanawake wa Kenya, Waluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao kwa mkanda wa kichwa. Iligunduliwa kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo, na miaka kadhaa baadaye Heglund na wenziwe wakaeleza sababu: mwili wao hupokezana nguvu kati ya kupanda na kusonga mbele, kama timazi linalobembea, vizuri kuliko mwili wa asiyezoea. Mwendo wa mama huyo ni ujuzi wa fizikia uliokaa kwenye nyonga. Ukimvika mhusika wako kitenge na kumtembeza kwa mwendo wa ghalani, mtazamaji wa Tunda hatajua jina la kosa, lakini atacheka pale usipotaka acheke.

Basi programu inayofaa ni ile inayokuruhusu kuufungua mwendo uliopewa na kuuharibu kwa makusudi. Katika Blender unaufungua mstari wa kichwa wa kupanda na kushuka na kuubana mpaka ubaki robo ya ulivyokuwa. Unaufungua wa nyonga na kuuongeza. Unaifuta mikono na kuipanga upya, mmoja juu ukigusa bidoni, mwingine umeshika kitenge. Miguu unaiacha, maana miguu ya ghalani ni mizuri. Kazi hiyo ni ya saa mbili tatu. Zana inayokupa mwendo kama filamu iliyokwisha kuiva, bila mifupa wala mistari ndani yake, haikuachii nafasi hiyo, na hapo ndipo ninapoziweka pia zile za akili bandia zinazotoa video kutokana na sentensi. Nimeziona zikisifiwa kama mwisho wa kazi hii yote. Hutozwa kwa kila kipande, hukaa kwenye mashine za mbali, humbadilisha chura sura kati ya kipande na kipande, na hutembeza watu kwa kukisia kutoka kwenye video walizolishwa, ambazo mama wa Kibombo hakuwamo au alipita kwa mbali. Huenda kasoro ya sura ikarekebishwa upesi. Ya ufunguo haitarekebishwa, kwa kuwa ndiyo biashara yenyewe. Na huduma ya Starlink ya mtandao wa setilaiti, ambayo Kongo iliipiga marufuku mwaka 2024 na kuipa leseni mwaka 2025, je, haiondoi tatizo la mtandao? Inaliondoa kwa mwenye uwezo wa kuilipia kila mwezi. Tena hadithi ya leseni hiyo, mwaka huu hapana, mwaka ujao ndiyo, inaeleza vizuri kuliko mimi kwa nini faili zikae kwenye flashi.

Imebaki midomo, na hapa Kiswahili kinatoa zawadi ambayo wachache wameifungua. Kumfanya mhusika aseme ni kazi inayowatesa watengenezaji wa programu za Kiingereza, maana herufi na sauti za lugha hiyo hazisikilizani. Papagayo, programu huria ya zamani ya kupanga midomo, huhitaji kamusi nzima ya matamshi kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano, zinasomwa kama zilivyoandikwa, na maneno yake kwa kawaida hufungwa kwa irabu. Chora midomo minane: mmoja kwa kila irabu, mmoja uliofungwa kwa m, b na p, mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja uliolegea kwa konsonanti zilizobaki. Chukua neno karibuni kwa michoro 12 kwa sekunde. Silabi nne, kila moja michoro miwili, isipokuwa ya pili kutoka mwisho, ambayo Kiswahili huipa mkazo: bu ipewe mitatu. Ka ni mdomo wa a, michoro miwili. Ri ni wa i, miwili. Bu inaanza na mdomo uliofungwa kwa mchoro mmoja, kisha wa u kwa miwili. Ni inarudi kwenye i, miwili. Jumla tisa, robo tatu za sekunde, na chura amekaribisha wageni. Usimchoree k wala r wala n peke yake, jicho halizitafuti. Ila usiache kuufunga mdomo kwenye b, maana pengo hilo jicho huliona mara moja.

Ukitaka mashine ikusaidie, ipo Rhubarb Lip Sync, programu huria ndogo isiyohitaji mtandao. Unaipa sauti iliyorekodiwa, inakurudishia orodha ya midomo na nyakati zake. Ina njia mbili za kusikiliza: moja inajua maneno ya Kiingereza, nyingine inasikiliza sauti tu bila kujali lugha. Hiyo ya pili ndiyo ya kutumia. Midomo yake sita ya msingi ni urithi wa Hanna-Barbera, walewale wa katuni za televisheni za Marekani zilizotengenezwa kwa bei ya chini, na si aibu kuwarithi maskini wenzako. Mwisho kuna njia ambayo haihitaji midomo kabisa. SAWBO, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2011, hutoa katuni za kilimo na afya ambazo sauti yake ni ya msimuliaji. Wahusika wanafanya, msimuliaji anasema, na picha zilezile huvishwa lugha nyingine na kupelekwa simu hadi simu. Atakayesema kwamba zoni ya afya ina haja ya dawa kabla ya katuni amesema kweli, lakini maelezo ya kuchemsha maji au kutambua surua hutolewa huko kila wiki kwa mdomo na kwa bango, na katuni ya dakika mbili inashindana na bango tu, haishindani na dawa. Msimuliaji tena ni kitu cha kale kuliko kamera. Ngano ya chura haikuwahi kuwa na midomo ya chura. Ilikuwa na mdomo wa bibi.

Hata hivyo nadhani midomo inafaa kuchorwa, kwa sababu moja. Kiswahili cha Kongo huita picha sanamu, neno lilelile la kitu kilichochongwa, na sanamu inayosema lugha ya nyumbani si sawa na sanamu inayosemewa. Kitetela kina irabu saba. Wanaokiandika huongeza ɛ na ɔ juu ya zile tano. Chura aliyechorewa midomo minane ya Kiswahili akienda kusema Kitetela atahitaji miwili zaidi, e iliyofunguka na o iliyofunguka, nayo unaichora mwenyewe. Unafungua faili, unainakili a, unaibana pembeni kidogo, unaipa jina ɛ. Kisha unainakili o na kuushusha mdomo wa chini.